Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Silvia Botnaru aliandika tasnifu kumi na tisa kabla ya kuandika yake mwenyewe. Tuseme alizichapa, wenyewe wasije wakanijia juu. Alikuwa karani wa idara ya uhusiano wa kimataifa na maendeleo katika chuo kimoja mjini Chișinău, na watahiniwa wa shahada ya uzamivu walimletea makaratasi yao yamechafuka kwa kalamu nyekundu ya profesa, naye akayanyoosha. Alinyoosha sarufi, alinyoosha tanbihi, na mara nyingine, bila kumwambia mtu, alinyoosha hoja yenyewe. Mwenye kazi akapata udaktari wake, akamletea karani boksi la chokoleti, akapita zake.

Kabla ya ukarani alikuwa mwalimu wa historia kijijini Cotul Mare, kule kaskazini, kwa miaka kumi na minne. Shule ile ilifungwa kwa kukosa watoto. Mama wa mwanafunzi alikwenda Italia kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu, akakaa mwaka, akakaa miwili, kisha akamwita mtoto amfuate, na dawati moja likabaki wazi. Mwaka wa mwisho Silvia aliingia darasa la tano akakuta watoto wanne, na wawili kati yao walikuwa ndugu. Mumewe, Grigore, alikuwa amerudi kutoka Moscow na mgongo alioumiza kwenye majengo, hawezi kunyanyua hata ndoo ya maji. Basi mwanamke akafunga virago, akamchukua mumewe, wakahamia mjini.

Udaktari ulimwingia kichwani siku ya kahawa. Walikuja wageni kutoka vyuo vya nje kuwasilisha utafiti wao juu ya vijiji vya kaskazini. Walikuwa na ramani ya rangi na michoro ya kupendeza, wakathibitisha kwamba vijiji vimenufaika na uhamaji kwa sababu nyumba saba katika kila kumi zina paa jipya. Silvia alikuwa akipitisha vikombe. Akasimama na sinia mkononi, akauliza:

"Na chini ya hayo mapaa, mmehesabu wanaishi watu wangapi?"

Ukumbi ukacheka kicheko cha aibu. Karani anauliza! Wageni wakatazamana, kisha mmoja akasema hilo halikuwa sehemu ya hojaji. Kesho yake Profesa Haralambie Scutaru, mkuu wa idara, mzee mwenye nyusi nene na maneno machache, akamwita ofisini. Silvia alijua anakwenda kukaripiwa.

"Lile swali lako la jana," akasema Scutaru, "liandikie kurasa mia mbili."

"Bwana profesa, mimi nina miaka arobaini na moja."

"Mimi nina sitini na nane, na bado naandika upuuzi. Kaa hapo ujaze fomu."

Ndivyo alivyoanza. Makarani wenzake walimtania hadi wakachoka. "Dada Silvia, ukishakuwa daktari utatutibu meno?" Grigore hakutania. Alimtengenezea meza ya kuandikia kwa mbao za kabati la zamani, akiifanya amepiga magoti kwa sababu ya mgongo, na ilimchukua wiki tatu. Mimi ninayeiona ndoa kama jambo la mashaka, ile meza naiheshimu.

Mada yake ilikuwa wanawake waliokwenda Italia na vijiji walivyoviacha nyuma. Alitakiwa kuwahoji watu thelathini na wanane, kila mmoja kwa saa moja au zaidi, na kila mmoja atie saini karatasi ya ridhaa. Hapo ndipo watafiti wa nje walikuwa wakikwama. Watu wa vijiji vile hawapendi kutia saini. Babu zao walitia saini wakapoteza ardhi, baba zao walitia saini wakapelekwa Siberia, na dada zao walitia saini mikataba ya kazi wasiyoweza kuisoma. Lakini Silvia alikuwa mwalimu wao. Alikaa jikoni, akamenya viazi pamoja na mwenye nyumba, akaongea habari za mvua na za kuku, na karatasi akaitoa mwishoni kabisa, kama mtu aliyekuwa ameisahau.

Evdochia alikuwa mhojiwa wake wa kumi na nne. Alikuwa na miaka sabini na tatu, mjane, nyumba yake ya mwisho kabla ya makaburi. Silvia alimwita lele, kama wanavyomwita kule mwanamke aliyewazidi umri. Bintiye, Aglaia, alikwenda Italia akiwa na miaka thelathini na minne, kumtunza bikizee mmoja katika mji mdogo karibu na Brescia. Hakuwa na kibali cha kukaa. Alipoanza kuumwa tumbo aliogopa kwenda hospitali asije akakamatwa akarudishwa, akanywa chai ya majani, akavumilia wiki tatu, akafa. Akazikwa kulekule. Barua ya kifo ilifika kijijini ikiwa kwa Kiitaliano, na ofisi ya kijiji ikaikataa kwa kuwa haikutafsiriwa wala kugongwa mhuri unaotakiwa.

"Kwa padri Aglaia yuko na wafu," Evdochia alisema mbele ya kinasa sauti. "Kila Jumamosi ya wafu anasomwa kwa jina kanisani. Kule ofisini bado yuko na wazima. Wamemwandika kwenye daftari la waliotoka kwa muda. Nilikwenda, nikawaambia, jamani, mtoto wangu amekufa. Yule kijana akaniambia, 'Mama, lete karatasi.' Karatasi ninayo! Akasema siyo hiyo."

Akafuta meza iliyokuwa safi.

"Hicho kitabu chako, mwanangu, watakisoma watu wakubwa?"

"Watakisoma, lele. Kuna siku ya kukitetea. Wanakaa maprofesa mezani, na milango iko wazi, mtu yeyote anaweza kuingia akasikiliza."

"Na Aglaia atasomwa?"

"Atasomwa," Silvia akasema.

Evdochia akavuta karatasi, akatia saini bila kuuliza imeandikwa nini. Silvia hakuwa akidanganya. Siku ile aliamini alichosema, na laiti angedanganya ningemwelewa haraka zaidi.

Ikapita miaka mitano. Tasnifu ilipokamilika ikapelekwa kwa kamati ya maadili ya utafiti. Kamati ile ilikuwa ngeni chuoni, iliundwa kufuatana na mradi wa pamoja na vyuo vya nje, na kama kila kitu kigeni ilishikwa kwa mikono miwili. Kanuni yake ya kwanza ilisema majina ya wahojiwa wote na ya jamaa zao wote yabadilishwe. Kanuni nzuri. Imewakinga wengi na waajiri wao na polisi, siisemi vibaya. Silvia akaenda kuuliza habari za wafu. Akajibiwa kwamba kanuni haikutenganisha wazima na wafu.

Akapanda kwa Scutaru.

"Bwana profesa, nilimwahidi mama wa watu."

"Ulimwahidi nini?"

"Kwamba binti yake atasomwa."

Scutaru akavua miwani. "Habari yake itasomwa. Jina ni kitu kingine. Sikiliza, bibi Botnaru, muda wako unakwisha mwezi wa saba. Wakikurudishia kazi hii hakuna mwaka wa nane. Ile nafasi ya mhadhiri atapewa mtu mwingine, na wewe utarudi kuchapa za wenzio mpaka ustaafu. Unanielewa?"

Alimwelewa. Lakini kulikuwa na njia, nayo Silvia aliijua, kwa sababu ile karatasi ya ridhaa aliichapa kwa mkono wake. Ukurasa wa pili, chini kabisa, palikuwa na kisanduku cha kutia alama: mhojiwa anataka jina lake au la jamaa yake litajwe. Angekwenda Cotul Mare, Evdochia angetia alama, kamati ingekaa upya na kupima. Pengine wangekubali, pengine wangekataa, lakini ingechukua mwezi mzima au zaidi, na mwezi hakuwa nao.  Alijiambia kikongwe hatajua. Alijiambia habari yenyewe ndiyo muhimu. Watu wa kazi ile wana ustadi mkubwa wa kujiambia mambo, nami nimekaa nao chuoni miaka mingi, nimejifunza kwao.

Basi alasiri moja akakaa kwenye meza ya Grigore na kubadilisha majina yote thelathini na nane, na ya jamaa zao. Ukutani palikuwa na kalenda ya watakatifu. Akawa anachukua majina humo, moja baada ya jingine, bila kuchagua. Ilipofika zamu ya ukurasa wa mia na kumi na mbili, palipoandikwa Aglaia, kalenda ilikuwa imefika kwa Elena. Akaandika Elena.

Siku ya utetezi ilipangwa mwezi wa sita, saa nne asubuhi, ukumbi wa ghorofa ya pili. Tangazo lilibandikwa kama desturi inavyotaka, na binamu yake Silvia, mwanamke asiyejua kuweka neno, akalipigia mbiu kijiji kizima kwa simu. Silvia mwenyewe hakujua. Alikuwa na roho mkononi tangu alfajiri. Grigore alimpigia pasi suti ya kijivu. Chumba cha pembeni wenzake walikwisha kupanga meza ya baada ya kazi, mikate ya kujazwa iitwayo plăcintă, ya jibini na ya kabichi, divai ya nyumbani kwa madumu.

Saa nne kasoro dakika tano mlango ukafunguka, akaingia Evdochia. Kitambaa cheusi kichwani, viatu vimefutwa vikafutika, mkononi furushi kubwa la taulo jeupe lililotariziwa. Alikuwa ameondoka kwake kabla ya jua kuchomoza. Akaangalia viti, akakaa safu ya mbele kabisa, akaweka taulo mapajani, akatabasamu kwa Silvia.

 Silvia akamwangalia Scutaru. Scutaru hakumjua yule kikongwe, akamfanyia ishara tu kwamba aanze.

Akaanza. Alieleza nadharia, alieleza mbinu, alieleza mapaa na watu walio chini ya mapaa, na alieleza vizuri mno. Hata wapinzani rasmi, wale wawili ambao kazi yao ni kutafuta kasoro, walikuwa wakitikisa kichwa kwa kukubali. Kadiri alivyokaribia sura ya nne sauti yake ilizidi kushuka. Angeweza kuiruka ile sehemu. Alifikiri kuiruka. Lakini ilikuwa imeandikwa kwenye muhtasari uliokuwa mikononi mwa kila mtu, tena hoja yake nzima ilisimama juu yake.

"Mhojiwa namba kumi na nne," akasoma, "alimpoteza binti yake, Elena, ambaye kwa kukosa kibali hakuthubutu kutafuta matibabu. Katika kumbukumbu za serikali Elena bado amehesabiwa kuwa mhamiaji wa muda."

Hakuinua macho. Evdochia, aliyekuwa amejisogeza mbele kwenye kiti, alibaki hivyohivyo, mdomo wazi kidogo, kama anayesubiri sentensi iendelee.

Wapinzani wakauliza, Silvia akajibu. Kisha mwenyekiti wa baraza, Profesa Tamara Ursu, akasema yale maneno ambayo husemwa kila mara na hayajawahi kujibiwa na mtu: "Je, katika hadhira kuna mwenye swali?" Tayari alikuwa akifunua ukurasa mwingine.

"Mimi ninalo," akasema Evdochia, akasimama.

Profesa Ursu akapandisha miwani. "Karibu, mama. Jitambulishe."

"Mimi ni mama yake Aglaia. Natoka Cotul Mare. Nataka kumuuliza mwalimu. Huyo Elena ni wa nani?"

 Scutaru akaelewa yote mara moja, akainamisha kichwa na kuzitazama karatasi zake. Silvia alishika meza. Maneno machache yangetosha. Angesema, "Ni Aglaia, lele, nisamehe," basi. Kamati ya maadili ilikuwa na mjumbe wake pale mezani, kalamu mkononi. Miaka saba ilikuwa pale mezani pia, na meza ya mbao za kabati, na mgongo wa Grigore aliyekaa kiti cha nyuma.

"Kwa mujibu wa kanuni za maadili ya utafiti," Silvia akasema, na kila neno lilitoka safi kama lilivyochapwa, "majina ya wahojiwa na jamaa zao yamebadilishwa ili kuwalinda."

"Kumlinda na nani? Si amekwisha kufa."

Silvia akageuza ukurasa.

Desturi ya mabaraza yale ni kwamba mwenyekiti humuuliza mwenye swali kama ameridhika na jibu, naye husema ameridhika na anashukuru. Watu husema hivyo hata wakiwa hawakusikia kitu. Profesa Ursu, kwa mazoea ya miaka thelathini, akauliza: "Mama, umeridhika na jibu?"

"Hapana," akasema Evdochia, akakaa.

Katibu wa baraza alibaki na kalamu hewani. Neno hilo halikuwa na nafasi katika kumbukumbu zake. Baadaye niliuona mwandiko wake: Swali kutoka kwa hadhira, moja. Limejibiwa.

Wakapiga kura ya siri. Kura zote zikawa za ndiyo. Profesa Ursu akatangaza kwamba Silvia Botnaru anastahili shahada ya udaktari, watu wakapiga makofi, Grigore akalia waziwazi bila haya. Maua yakajaa mikononi mwa Silvia. Na mbele ya safu ya kwanza Evdochia alikuwa akifungua taulo lake.

Ndani mlikuwa na mikate midogo ya mviringo, iliyosukwa, kila mmoja umechomekwa mshumaa mwembamba. Ni mikate ya wafu. Kule unapoitoa unataja jina la marehemu, na anayeipokea hana budi kumwombea rehema kwa jina hilohilo. Hakuna anayeikataa. Kila profesa wa kule ana kijiji chake, na bibi yake alimfundisha hilo kabla hajajua kusoma.

Evdochia alikwenda kwanza kwa mwenyekiti, akanyoosha mkate kwa mikono miwili.

"Pokea. Ni wa Aglaia."

Profesa Ursu akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kusimama kwa ajili ya mtu. "Mungu amrehemu Aglaia," akasema.

Akaenda kwa mpinzani wa kwanza. "Pokea. Ni wa Aglaia." "Mungu amrehemu Aglaia." Akaenda kwa wa pili. Akaenda kwa katibu, ambaye alihamisha kalamu mkono wa kushoto ili apokee kwa wa kulia. Akaenda kwa mjumbe wa kamati ya maadili, bwana mmoja mwenye tai ya buluu, naye akaangalia mkate, akaangalia sakafu, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma: "Mungu amrehemu Aglaia." Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Jina lile lilizunguka meza yote, mdomo hadi mdomo, na hakuna aliyethubutu kuliandika.

Scutaru naye akapokea wake. Akasema jina, kisha akaongeza chini kwa chini, "Nisamehe, lele."

"Wewe sikujui, bwana," Evdochia akamwambia kwa upole. "Sina la kukusamehe."

Silvia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Aliyaweka maua kitini ili mikono ibaki mitupu. Alikuwa na neno tayari mdomoni, alikuwa amelishika kwa nguvu zake zote. Sasa angelisema, hata mara mia, mbele ya yeyote yule. Evdochia akapita mbele yake na mkate wa mwisho, akaenda hadi mlangoni, akampa mama wa usafi aliyekuwa ameegemea ufagio.

"Pokea. Ni wa Aglaia."

"Mungu amrehemu Aglaia wako, dada," akasema yule mama, akambusu shavuni.

Silvia akamfuata. Aliona watu wanamtazama, hakujali tena.

"Na mimi, lele?"

Evdochia alikuwa akikunja taulo, pembe kwa pembe, asiharibu ile tarizi. Hakuwa na hasira usoni. Laiti angekuwa nayo.

"Wewe, mwanangu," akasema, "mwombe Elena akupe."

Akaliweka taulo kwapani, akashuka ngazi akijishika ukutani. Kule ndani mtu alikuwa akimwita Silvia kwa cheo chake kipya, aje wapige picha.